Kochi, chunga saa: wachezaji wanatoka ku poste

Mu miji yetu ya migodi neno ekipe lina kazi mbili. Kuna ekipe ya kazini, ile inayoingia saa 6, saa 14 ao saa 22, na kuna ekipe ya mpira. Mara nyingi ni watu walewale. Njo maana siye wa sendika tunaandika leo juu ya makochi na saa zao. Kochi anayepoteza saa mbili za mchezaji anazitoa mu usingizi wa mtu ambaye kesho ataendesha kamio kubwa mu shimo.

Tuhesabu pamoja. Mtu wa poste ya asubui anaacha kazi saa 14. Mpaka bisi imshushe, aoge, akule kidogo, saa 16 imefika. Kwetu Kolwezi jua linazama karibu saa 18. Basi mazoezi ni toka saa 16 mpaka saa 17 na nusu, dakika 90, sawa na mechi moja. Kochi akianza na maneno ya dakika 30, theluthi moja imeisha na hakuna aliyegusa mpira. Kisha watu wanapasha mwili moto mbio-mbio, na hapo njo misuli inakatika. Mwenye kuumia Jumamosi anachechemea Jumatatu mbele ya kapita, na nyumbani wanajua maana yake siku ya mshahara.

Kochi wa ekipe kubwa ana hesabu ingine. Mazembe walifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu mwaka 2010 na wachezaji ambao mpira ni kazi yao. Wachezaji wa kambi, mpira wao ni kisha kazi. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa wiki. Saa za mazoezi hazimo mule, lakini mwili unazihesabu.

Mfano mzuri wa mkutano mfupi tunao tayari. Kila mfanyakazi wa mgodi anajua kozeri ya usalama: watu wamesimama, dakika tano ao kumi, jambo moja tu, leo breki, kesho vumbi, kisha maulizo, kisha kazi. Maneno ya kochi mbele ya mechi nayo Kifaransa kinayaita kozeri. Jina ni moja. Ile ya usalama inaisha kwa sababu mashine zinangoja. Ile ya mpira haiishi kwa sababu anayengoja ni paka bibi nyumbani, na yeye hakuna aliyemuweka mu programu.

Hata mapumziko ya mechi ni dakika 15, na zingine zinakwenda mu kutembea. Makochi wazuri tunaowaona huku wanaacha watu wanywe maji na kupumua kwanza, wao wanaongea pembeni na msaidizi. Halafu wanasema mambo mawili, pengine matatu. La tano hakuna mwenye kulikumbuka akirudi kiwanjani.

Juu ya postes, karatasi moja ya wiki inatosha: safu tatu, asubui, mchana na usiku, na majina. Anayetoka kazini saa 6 ya asubui asiitwe saa 9. Alale. Akija saa 16, apewe mazoezi mepesi. Wale wanaoingia saa 14 hawawezi kuja jioni, basi msaidizi awakusanye asubui, hata kama ni watano. Kwa wenye kazi ya saa 12, kochi angoje siku zao za kupumzika. Na karatasi ile ifike nyumbani Jumapili, kwa simu ao kwa mkono, ili ba mama wajue siku gani chakula kitachelewa na siku gani baba ni wa watoto.

Mkutano wa komite njo unakula saa kuliko yote. Umetangazwa saa 10, unaanza saa 11 na nusu kwa sababu tunangoja mkubwa mmoja. Wale waliokuja kwa saa wanalipa deni la waliochelewa, na wiki ingine nao watachelewa. Anzeni na waliopo. Tangazeni pia saa ya kumaliza. Franga, usafiri, maji, mechi inayokuja, basi. Mwandishi aandike nani atafanya nini na siku gani, na mkutano unaofuata ufunguliwe kwa kusoma karatasi hiyo. Bila karatasi mtazungumza juu ya jezi zilezile mpaka msimu uishe. (Mikutano ya sendika tutaizungumzia siku ingine.)

Kuna jambo moja halifai kuletwa mbele ya wote: kosa la mchezaji mmoja. Mwiteni pembeni, dakika tano. Mtu akipigwa haya mbele ya ekipe ya mpira, kesho yake yuko na watu walewale chini ya mgodi, na kule watu wanapaswa kusikilizana.

Kochi naye, mara nyingi, ni mfanyakazi. Wiki yake ya poste ya usiku, amuachie msaidizi filimbi na mfuko wa mipira, yeye alale.