Ganda na Nyama: Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Umbo la Mviringo

Mwanafunzi wa sekondari aliyezoea maneno "duara" na "tufe" hukuta katika vitabu vya Kiingereza maneno mengi zaidi: "circle", "disc", "sphere", "ball" na "spheroid". Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza wenyewe huyachanganya. Katika hisabati, hata hivyo, kila neno lina mipaka yake, na asiyeijua aweza kukosa swali ambalo hesabu yake ameifanya sawasawa.

Tuanze na bangili na sarafu. Bangili nyembamba hutuonyesha "circle": mstari tu, ambao kila nukta yake iko umbali ule ule kutoka katikati. Sarafu hutuonyesha "disc": mstari huo pamoja na eneo lote lililomo ndani yake.

Sasa tutwae chungwa. "Sphere", kwa maana kamili ya wanahisabati, ni ganda la nje tu, tena ganda lisilo na unene. "Ball" ni ganda pamoja na nyama yote. Neno "sphere" latokana na "sphaira", ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa na maana ya mpira. Wataalamu wao wa falaki walizidhani mbingu kuwa maganda yaliyopangwa, moja ndani ya jingine. Maana hiyo ya ganda ingali hai katika neno "atmosphere", yaani tabaka la hewa liizungukalo dunia.

Tuchukue tufe lenye nusukipenyo cha sentimita 3. Eneo la uso wake ni 4πr², yaani 36π. Ujazo wake ni 4/3πr³, nao pia ni 36π! Tarakimu ni zile zile, takriban 113. Lakini za kwanza ni sentimita za mraba, kipimo cha ganda, na za pili ni sentimita za ujazo, kipimo cha nyama. Aandikaye 36π peke yake hajajibu swali lolote.

Na dunia yetu je? Nusukipenyo chake ni kilometa 6,378 kwenye ikweta, bali ni kilometa 6,357 kwenye ncha. Kwa hiyo si "sphere" kamili, bali ni "spheroid", yaani umbo linalofanana na tufe.

Basi, kabla ya kushika kalamu, mwanafunzi na ajiulize: naulizwa habari za ganda, au za nyama?