Umealikwa harusi Uskoti? Hapa uvae kilti, hapa ubaki na suruali yako

Kuna kipindi mwanaume wa Uskoti angeweza kufungwa jela miezi sita kwa kosa la kuvaa kilti. Leo vazi hilohilo ndilo bwana harusi anatoka nalo kanisani, na mgeni mwalikwa anabaki anajiuliza: na mimi nivae, au wataona nawaigiza?

Swali hilo linamhusu yeyote anayekwenda kwenye harusi, mahafali au sherehe ya kazini Edinburgh, Glasgow au kwingineko Uskoti. Ukikosea huvunji sheria yoyote. Lakini unaweza kupoteza hela, ukakaa sherehe nzima huna raha, au wenyeji wakaona umeligeuza vazi lao kichekesho.

Jibu fupi ni hili: ichukulie kilti kama suti yako nzuri. Hafla inayostahili suti, kilti inafaa. Shughuli inayotaka nguo ya kazi, vaa suruali. Na ukiamua kuvaa kilti, ivae kamili.

Kilti yenyewe ni nini?

Ni sketi ya sufu ya mwanaume, bapa kwa mbele na yenye marinda kwa nyuma, inayofika magotini. Ile nzito ya kushonwa kwa mkono inaweza kumaliza karibu mita 7 za kitambaa. Kitambaa chake cha miraba kinaitwa tartani, na mpangilio wa rangi mara nyingi unahusishwa na ukoo, eneo au kikosi cha jeshi.

Waskoti wengi hawalichukulii vazi hili kimchezo, na historia inaeleza kwa nini. Mwaka 1746, wapiganaji waliomuunga mkono mwanamfalme Charles Edward Stuart, wengi wao wakitoka Nyanda za Juu za Uskoti, walishindwa vitani Culloden. Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kwa wanaume na wavulana, isipokuwa wanajeshi. Kosa la kwanza lilikuwa jela miezi sita, na la pili kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka 7.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George IV alitembelea Edinburgh, mapokezi yakasimamiwa na mwandishi Walter Scott, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Nguo iliyokuwa ya kijijini, tena ya kushukiwa, ikageuka vazi la heshima. Ndiyo maana leo unaiona zaidi kwenye shughuli kubwa kuliko barabarani siku ya kawaida.

Hapa kilti inafaa

*Harusi.* Hapa ndipo wageni wengi huivaa kwa mara ya kwanza. Mgeni wa kawaida anaruhusiwa kilti au suti, zote sawa. Ila kama wewe ni mpambe wa bwana harusi, usikimbilie kukodi. Mara nyingi yeye ndiye anachagua tartani ya kundi zima, na ukija na rangi yako utaharibu picha.

*Hafla rasmi ya usiku.* Kama kadi inataka koti jeusi na tai ya kipepeo, kilti yenye koti fupi jeusi la vifungo vya fedha inakubalika kabisa. Shughuli ya mchana inataka koti la kawaida zaidi, hata la sufu ya kijivu, na tai ndefu.

*Sikukuu za kitaifa.* Januari 25 Waskoti wanamkumbuka mshairi wao Robert Burns kwa chakula cha jioni na mashairi. Novemba 30 ni siku ya Mtakatifu Andrea. Zote mbili, kilti iko nyumbani.

*Michezo ya jadi na mechi.* Kwenye michezo ya Nyanda za Juu, kama ile ya Braemar kila Septemba, wanaume wanaorusha magogo na mawe mazito hushindana wakiwa na kilti. Raga ikichezwa Murrayfield, mashabiki wanaivaa na jezi na buti, na hakuna anayeshangaa. Hiyo ndiyo sehemu unayoweza kulegeza masharti.

Hapa chagua suruali

*Kazi za mikono.* Mashine inayozunguka, ngazi ndefu, baiskeli: vyote hivyo na marinda haviendani. Kilti ya kawaida haina mifuko pia. Kile kipochi kinachoning'inia mbele kinabeba simu na pochi, si bisibisi.

*Matembezi ya porini wakati wa kiangazi.* Magharibi mwa Nyanda za Juu kuna usubi wengi wenye kuuma vibaya, na kwenye majani marefu kuna kupe. Miguu iliyo wazi inakuwa chakula chao. Wapo wanaopanda milima na kilti, lakini mgeni atafurahia zaidi akiwa na suruali iliyochomekwa kwenye soksi.

Hata jeshi lilifika hapo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vikosi vya Nyanda za Juu vilipigana vikiwa na kilti kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Sufu ilinyonya maji ikawa nzito, matope yakaganda kwenye pindo na kukwaruza miguu, na chawa wakajificha kwenye marinda. Wakati wa Vita vya Pili kilti iliondolewa kwenye mapigano. Wanajeshi hawakuikana. Waliihifadhi kwa ajili ya gwaride.

*Msiba.* Kilti inaruhusiwa na Waskoti wengi huzikana nayo. Lakini wewe mgeni, kama familia haijasema kitu, suti nyeusi haitamkwaza mtu.

*Ukiwa na nusu ya vifaa.* Kilti ya kukodi juu, raba za mazoezi chini, shati la kazini katikati: kwenye harusi hiyo ndiyo inayoonekana kama maigizo. Kama huwezi kupata koti, soksi ndefu, viatu vya ngozi na kipochi cha mbele, vaa suti yako na uwe na amani.

Kuna njia ya kati pia: suruali ya tartani. Si uvumbuzi wa juzi. Nayo ni vazi la zamani la Waskoti, na hadi leo inavaliwa na koti rasmi. Anayeona aibu kuonyesha magoti ana pa kukimbilia.

Mimi si Mskoti, naruhusiwa?

Ndiyo. Hakuna sheria inayomzuia mgeni kuvaa kilti, wala inayosema tartani ya ukoo fulani ni ya damu hiyo tu. Adabu ndiyo inayoongoza. Ukikosa uhusiano na ukoo wowote, chagua tartani zilizo wazi kwa wote. Inayojulikana zaidi ni Black Watch, yenye kijani na bluu nzito. Kuna daftari rasmi la serikali la kusajili tartani, lililoanza kazi mwaka 2009. Moja ya kukaa nayo mbali ni Balmoral, ambayo imetengwa kwa ajili ya familia ya kifalme.

Na kama kadi inasema "vazi la taifa", huhitaji kuazima la watu. Kanzu safi na kofia, au vazi lolote la heshima la kwenu, linajibu sharti hilo.

Kwa wanawake, kawaida ni gauni au sketi ndefu yenye mtandio wa tartani begani. Kilti yenyewe utawaona nayo zaidi wachezaji wa ngoma za Nyanda za Juu na wapiga zumari.

Makosa yanayomfichua mgeni

- Kutoa kipimo cha jinzi dukani. Kilti inakaa juu, karibu na kitovu, kwa hiyo kiuno cha suruali kitakudanganya. Pimwa upya.
- Kuigeuza. Marinda ni nyuma. Upande bapa ni mbele, na ncha yake inaishia kulia kwako.
- Kuishusha kama kaptura. Pindo linakaa katikati ya goti au juu yake kidogo.
- Kubana pini vibaya. Inakaa pembeni kulia karibu na pindo, na inashika kitambaa cha juu tu. Ukishikisha cha chini pia, utachana nguo ya watu.
- Kusahau kisu. Kile kisu kidogo cha kwenye soksi kinaruhusiwa kisheria Uskoti kama sehemu ya vazi la taifa, lakini si kwenye begi la mkononi uwanja wa ndege. Kiweke kwenye mzigo unaokabidhi kaunta, au kiache kabisa.
- Kukaa ovyo. Laza marinda kwa mkono ukiwa unakaa, funga magoti, na acha kipochi kishuke katikati ya mapaja.

Na lile swali ambalo kila mtu analo: ndani unavaa nini? Utani upo mwingi, lakini nguo ya kukodi itavaliwa na mwingine wiki ijayo. Vaa chupi.

Kabla hujalipa

Kilti ya kushonwa kwa mkono inagharimu mamia ya pauni, kwa hiyo kwa sherehe moja, kukodi seti nzima ndiyo busara. Maduka ya kukodi yapo Edinburgh na Glasgow, na yanataka vipimo mapema, hasa msimu wa harusi.

Lakini kabla ya duka, mtumie mwenyeji ujumbe mfupi. Muulize vitu viwili: wanaume wengine watavaa nini, na shughuli ni ya mchana au ya usiku. Majibu hayo mawili yanakutosha kuamua. Akikwambia "vaa tu, tutafurahi", basi vaa, na usiombe radhi mlangoni.