Kuku Anapokula, Bakteria Nao Wanakula

Matandazo ya banda yakiloa na kinyesi kikawa cha majimaji, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa. Hununua antibiotiki, huichanganya kwenye maji, na baada ya siku chache kuku huonekana kupata nafuu. Kisha tatizo hurudi, nao hununua tena. Mara nyingi chanzo kimebaki palepale, ndani ya gunia la chakula.

Bakteria walio tumboni mwa kuku si maadui wote. Katika kile kifuko cha shingoni, chakula kinapokusanyika kabla ya kushuka, kuna bakteria wanaotengeneza asidi ileile inayogandisha maziwa. Asidi hiyo huwazuia wabaya kama salmonela. Wengine wengi huishi mwishoni mwa utumbo. Chakula hupita tumboni kwa saa chache tu, na kile ambacho kuku ameshindwa kukisaga na kukinyonya ndicho kinachowafikia. Kwa hiyo mfugaji huwalisha makundi mawili kwa debe moja, ajue asijue.

Kimeng'enya ni protini inayokatakata chakula tumboni mithili ya mkasi. Kuku anavyo vyake vya wanga, protini na mafuta, ila baadhi ya kazi zinamshinda. Karibu theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka na mashudu imefungwa katika kitu kiitwacho fitati, ambacho pia hushika zinki, chuma na kalsiamu. Kimeng'enya cha kuifungua ni fitasi, kilichoanza kuuzwa viwandani mwaka 1991. Ngano na shayiri zina shida nyingine: nyuzi zake hugeuka ute mzito tumboni, chakula huchelewa, na bakteria hupata nafasi ya kuongezeka mahali ambapo kuku mwenyewe alipaswa kunyonya. Zailanasi huukata ute wa ngano. Ikiwa chakula chako ni mahindi na soya tu, faida yake ni ndogo, usishawishiwe na muuzaji.

Protini iliyobaki bila kusagwa ni hatari zaidi. Bakteria aitwaye klostridia hawezi kujitengenezea sehemu nyingi za protini anazohitaji, hivyo hutegemea mabaki. Soya mbichi huzuia usagaji wa protini, ndiyo sababu ni lazima ikaangwe. Dagaa wengi kupita kiasi nao huongeza hatari. Kama koksidia wamekwisha kujeruhi utumbo, klostridia huzaliana haraka, utumbo huoza, na kuku hufa ghafla.

Sasa madini. Chokaa ndiyo hutumiwa ovyo kuliko yote, kwa kuwa ni rahisi. Chokaa hupunguza ukali wa asidi tumboni, yaani ulinzi uleule tuliousema, na kalsiamu ikizidi hung'ang'ania fitati hata fitasi ishindwe kazi. Kuku wa mayai huhitaji kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 ya chakula, sawa na takriban kilo 8 hadi 10 za chokaa katika kilo 100. Vifaranga huhitaji asilimia 1 tu. Anayewapa vifaranga chakula cha kuku wa mayai huharibu pia figo zao. Kwa wanaotaga, weka sehemu ya kalsiamu kama makombe yaliyovunjwavunjwa, katika chombo cha pembeni, wale wenyewe jioni.

Zinki husaidia kujenga upya ngozi ya ndani ya utumbo. Chuma ni tofauti: bakteria wengi wabaya hukihitaji sana, wale wa maziwa mgando hukihitaji kidogo mno, basi usiongeze juu ya kile kilichomo kwenye premiksi. Wapo wanaotia mrututu kwenye maji. Ni kweli shaba huua baadhi ya bakteria, lakini ikizidi huchubua firigisi, na bakteria wanaoizoea mara nyingi huwa sugu kwa antibiotiki pia. Usugu huo haubaki bandani. Unaweza kumfikia mtoto anayeokota mayai, na siku akiugua dawa isimsaidie. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibiotiki za kukuza mifugo tangu Januari 2006.

Asiyeweza kununua fitasi ana njia nyingine. Pumba za ngano zina fitasi ya asili, mahindi yana kidogo sana. Changanya chakula chenye pumba hizo na maji safi, funika, acha siku moja. Fitasi huanza kazi, na bakteria wa maziwa mgando huzaliana humo. Kikinukia uchachu mzuri, wape kinachoisha siku hiyo na uoshe vyombo. Kikiota ukungu, tupa. Kuloweka hakuondoi sumukuvu ya mahindi mabovu.

Kinyesi chenye damu au vifo vya mfululizo ni kazi ya mtaalamu wa mifugo; hapo usisubiri kurekebisha chakula kwanza. Ukinunua vimeng'enya, hifadhi mbali na jua na usivikoroge na uji wa moto, kwani joto huviharibu. Kipimo chake ni gramu chache, hivyo vichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, kisha pumba hiyo uitawanye kwenye chakula chote.