Damu Inayosema Dawa Ipi Usinunue

Mtu wa Mangobo, hapa Kisangani, akiona damu chooni, wa kwanza kushtakiwa ni amiba. Hununua vidonge, damu hukoma, kisha hurudi. Ikirudi, usinunue pakiti ya pili: utumbo utazamwe kwa kamera, kinyama kikatwe na kupimwa. Kipimo cha damu ninachokieleza hapa hakichukui nafasi ya hatua hiyo. Ni cha yule ambaye saratani yake ya utumbo mpana imeshajulikana, tena imesambaa.

Chembe za saratani zikifa, vipande vya DNA yake humwagika katika damu, na baada ya saa chache huwa vimeondoka. Ndiyo maana damu ya leo hueleza uvimbe wa leo, ilhali kinyama cha upasuaji kinaeleza uvimbe wa siku ile. Kuvinasa vipande hivyo ni kazi ya wavuvi Wagenia: mto mkubwa, samaki wachache.

Inayotafutwa zaidi ni jeni iitwayo KRAS. Kwa wagonjwa wapatao 40 kati ya 100 imebadilika. Dawa za cetuximab na panitumumab huziba mahali chembe inapopokelea amri ya kukua. KRAS ikiwa imebadilika, kutumia dawa hizo peke yake ni kama kuzima swichi ya nyumba iliyovutiwa waya moja kwa moja kutoka kwenye nguzo: taa inaendelea kuwaka. Familia iliyouza kiwanja kununua dawa hiyo imepoteza kiwanja. Kwetu, tunaolipa kutoka mfukoni, naona jibu la "hii haitakufaa" ndilo lenye thamani kubwa.

Hata dawa inayofaa huzoeleka. Chembe sugu huota, na dawa ikisimamishwa hupungua. Huko Italia, utafiti wa CHRONOS uliotangazwa 2022 uliwarudishia panitumumab wagonjwa 27 ambao damu yao haikuwa na alama za usugu. Kwa 8 uvimbe ulinywea.

Je, Kisangani? Tatizo ni safari ya damu hadi maabara. Damu ya mrija wa kawaida lazima izungushwe kwa mashine ndani ya saa chache, kabla chembe nyeupe hazijapasuka na kuchafua jibu. Lakini ipo mirija yenye dawa inayoitunza siku kadhaa bila barafu, na mrija haulipi tiketi kama mgonjwa. Kutuma damu mbali si jambo geni: mwaka 1976 damu ya mtawa aliyeugua Yambuku ilitoka Kinshasa ndani ya chupa ya chai hadi Antwerp, Ubelgiji. Mrija mmoja ulivunjika njiani, mwingine ukafichua Ebola. Leo taasisi ya utafiti ya INRB ya Kinshasa yenyewe husoma jeni za virusi hivyo. Kusoma jeni za saratani pia si ndoto.

Damu ikisema "hakuna kitu", usishangilie upesi: uvimbe mwingine humwaga DNA kidogo mno. Hapo hurudiwa kinyama cha zamani. Kwa hiyo, mama, papa, mkitoka kwenye upasuaji ulizeni kile kipande kilichogandishwa kwenye nta kimewekwa wapi, na namba yake muiandike.