Kabla Tingatinga Halijaingia Msituni



Maendeleo tunayataka. Barabara nzuri ikija, maziwa hayaharibiki njiani na mama mjamzito anafika hospitali mapema. Lakini barabara hiyo hiyo ikipasua msitu uliohifadhiwa, yaweza kuharibu chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Basi, nani apime faida na hasara, na apime lini?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inajibu: kwanza uchunguzi, halafu kazi. Uchunguzi huu huitwa tathmini ya athari kwa mazingira. Ripoti yake hupelekwa NEMA, nayo hutoa leseni au hukataa. Ripoti nzuri hujibu maswali manne:

1. Mahali hapo kuna nini sasa?
2. Mradi utaharibu nini?
3. Je, hakuna njia nyingine?
4. Madhara yatapunguzwaje, na nani atahakikisha?

Tuchukue mfano. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na ukubwa wake ni kilomita mraba 117 tu. Reli mpya ya kwenda Naivasha ilipangwa kuivuka juu ya daraja la kilomita 6 hivi, ili wanyama wapite chini. Huko ndiko kupunguza madhara. Lakini watetezi wa mbuga walishikilia swali la tatu: kwa nini reli isipite nje? Mwaka 2016 jopo la rufaa za mazingira liliamuru kazi isimame. Hata hivyo, daraja lilijengwa, na leo treni inapita humo.

Tusikate tamaa, kwa maana Lamu mambo yaliishia vingine. Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe ulipata leseni mwaka 2016. Wenyeji wakakata rufaa, wakihofia bahari, samaki na mikoko yao. Juni 2019 jopo lile lile likaifuta leseni. Sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kanuni za mwaka 2003 zilidai angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Kuitwa kutambulishwa mradi tu, kabla madhara hayajaelezwa, hakukutosha.

Kwa nini sauti yenu ni ya lazima? Mtaalamu anayeandika ripoti hulipwa na mwenye mradi, na pengine atakaa kwenu siku chache tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninyi ndio mnaojua chemchemi ipi haikauki kiangazi, ndovu hupita wapi, na dawa za miti shamba zinachumwa upande gani.

Kwa hiyo, mkisikia habari za mradi karibu na msitu au mbuga:

- Ulizeni kwa chifu na ofisi ya NEMA ripoti iko wapi, na siku ya mwisho ya kutoa maoni ni lini.
- Mwenye kusoma awasomee wengine kwa lugha ya nyumbani.
- Andikeni maoni, mtie sahihi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri.
- Kwenye baraza, katibu aandike nani alisema nini. Msitie sahihi karatasi ya mahudhurio bila kusoma kichwa chake, isije ikaitwa kibali chenu.
- Leseni ikitolewa na hamjaridhika, kateni rufaa ndani ya siku 60.

Kuuliza si kupinga maendeleo. Barabara tutaijenga, lakini chemchemi ikishakauka hatuna harambee ya kuirudisha.