Inauzwa Simuni, Haiuzwi Ukutani

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, aliyetaka kununua nyumba Dar es Salaam hakuwa na budi kumtafuta dalali, akamsikiliza barazani, akamwandama kutoka Magomeni hadi Temeke, akamlipia nauli na chai hata kabla ya kuuona mlango wa nyumba. Leo wenye mitaji wamejipatia mtumishi asiyekunywa chai: programu ya kompyuta ambayo kila saa, usiku na mchana, huzipitia kurasa za matangazo, huyalinganisha na yale iliyokwisha kuyahifadhi, na pindi ionapo nyumba mpya ya kadiri iliyoagizwa, humpelekea bwana wake habari simuni kabla jirani hajaamka.

Wengi huisifu kwa wepesi wake. Mimi naona fadhila yake kubwa ni kumbukumbu. Dalali husahau, au hujisahaulisha. Programu haisahau kwamba nyumba ya Mbezi inayonadiwa leo kuwa mpya sokoni ilitangazwa miezi minne iliyopita, na bei yake ikashuka mara mbili, na mnunuzi ajuaye hayo hupatana bei bila ya wasiwasi. Ila nyumba moja aghalabu hutangazwa na madalali watatu, kwa bei tatu na picha za pembe tatu, na programu isiyofundishwa kufananisha picha huhesabu nyumba tatu.

Tena, bei ya tangazo ni ombi tu, na hata makadirio ya mashine hukosea. Kampuni ya Zillow ya Marekani, iliyokuwa ikinunua nyumba kwa makadirio ya mashine, iliifunga biashara hiyo mwaka 2021, baada ya kubaini kuwa nyingi ilikuwa imezinunua ghali kuliko bei iliyotarajia kuziuzia.

Kwetu hasara huingia kwa mlango mwingine. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati mjini huimiliki kwa muda usiozidi miaka 99; basi kama hati ni yake kweli, au imewekwa rehani benki, hujulikana kwa upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Na yapo yasiyosomeka popote ila ukutani: alama ya X nyekundu ya nyumba iliyomo katika hifadhi ya barabara, ambayo mpiga picha mwerevu huikwepa, na yale maneno ambayo warithi wenye hadhari huyapaka kwa rangi, "Nyumba hii haiuzwi", ilhali alfajiri ile ile mashine imemletea mwenye mtaji picha ya mlango huo huo, na chini yake pameandikwa: inauzwa.