SWICHI IKINASA NDANI YA DAMU, CHALE HAZIIZIMI!

Najua safu hii mmeizoea kwa mambo ya mapenzi, mavazi na vituko vya mjini. Leo naomba mnivumilie kidogo, maana kuna jambo linanikera hapa kwetu Mpanda na wala si la kucheka.

Kwetu mtu mzima akivimba tumbo upande wa kushoto, jibu liko mdomoni tayari: "Hiyo bandama, malaria imemkalia." Mara nyingi ni kweli, maana mbu wa Katavi hawana likizo, na malaria ya kila mara huvimbisha bandama. Dawa zikishindwa, mgonjwa anapelekwa kuchanjwa chale. Chale nazo zikishindwa, basi bibi kizee wa jirani ndiye mchawi. Kasheshe linaanzia hapo!

Sasa sikieni. Ipo bandama inayovimba bila kumhusu mbu wala bibi wa watu. Inavimba kwa sababu ya saratani ya damu, na aina moja ya saratani hiyo wataalamu wameifahamu hadi kiini chake. Mimi si daktari, nimeishia sekondari tu, lakini nimesoma na kuuliza mpaka nimeelewa. Nawe utaelewa.

Damu inatengenezwa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mfupa tunaoufyonza tukinywa supu. Kila chembe inayozaliwa humo inabeba nyuzi 46 za maelekezo, zinaitwa kromosomu. Wakati mwingine, chembe ikijigawa, mambo yanakwenda mrama.

Fikiria stesheni ya Kaliua, pale reli inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine kuja kwetu Mpanda. Tuseme treni mbili zimekutana pale, halafu mabehewa ya mkiani yakabadilishana. Ya Kigoma yamefungwa kwenye treni ya Mpanda, ya Mpanda yamekwenda Kigoma. Ndivyo inavyotokea kwa kromosomu namba 9 na namba 22: zinakatika na kubadilishana mikia. Behewa moja linaitwa ABL, jingine BCR. Yakishaungana, chembe inasoma maelekezo hayo mawili kama moja na kutengeneza protini ambayo haikuwahi kuwepo mwilini. Inaitwa BCR-ABL.

Ubaya wake uko wapi? ABL ya kawaida ni kama swichi ya mashine ya kusaga. Mahindi yapo, unawasha. Yakiisha, unazima. BCR-ABL ni swichi iliyonasa kwenye kuwaka. Inachukua nguvu ya chembe, inazigusa protini nyingine moja baada ya nyingine na kuziamrisha: zaaneni, zaaneni, msife! Usiku na mchana. Chembe nyeupe, ambazo kwa kawaida ni kama 4,000 hadi 11,000 katika tone dogo la maikrolita moja, zinaweza kupita 100,000. Zinafurika hadi kwenye bandama, nayo inavimba. Mgonjwa anachoka, anakonda, anatoka jasho usiku, akila kidogo tu ameshiba.

Ukisoma dalili hizo unaweza kusema ni malaria, TB au ukimwi. Ndiyo maana watu wanapotea njia.

Waliofumbua fumbo hili hawakuwa wachawi. Mwaka 1960, huko Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwa wagonjwa hawa. Mwaka 1973 mama mmoja wa Chicago, Janet Rowley, akagundua kuwa kipande kilichopungua hakikupotea, kilihamia kwenye namba 9. Alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, na watoto wake wakimtania. Mama huyo simchezo!

Swichi ilipojulikana, ikatafutwa dawa ya kuinyima nguvu. Dawa hiyo ni imatinib. Inajipachika kwenye kitundu kile kile protini inapochukulia nguvu, mchezo unakwisha. Daktari Brian Druker na wenzake walianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998. Kati ya 54 waliopewa dozi ya kutosha, 53 hesabu ya damu yao ilirudi kawaida. Marekani iliiruhusu Mei 2001. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakiishi miaka michache tu, halafu ugonjwa unalipuka. Leo, katika utafiti mkubwa wa dawa hiyo, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 walikuwa hai baada ya miaka kumi.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Kampuni ya Novartis na taasisi ya The Max Foundation walianzisha mpango wa kutoa dawa hiyo bure kwa nchi zenye kipato kidogo, na Tanzania ikaingia kupitia Ocean Road, Dar es Salaam.

Shida, ndugu zangu, ni umbali. Dar kutoka Mpanda ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mtu anauza mpunga wake, anafika, anapewa vidonge, anapata nafuu. Akishanenepa anasema, "Nimepona, nauli ya nini tena?" Anaacha. Hapo ndipo hatari ilipo! Kidonge hakiing'oi swichi, kinaizuia tu. Ukikiondoa, mara nyingi inawaka tena. Wapo wanaoruhusiwa kusimamisha, lakini kwa vipimo na daktari akiwasimamia, si kwa kujipima kwenye kioo.

Tena ugonjwa huu hauambukizi. Kunywa naye chai, lala naye chumba kimoja. Wala haurithiwi kwa mama au baba. Ile ajali ya mabehewa inatokea mtu akiwa ameshazaliwa.

Basi ombi langu ni moja. Bandama ikivimba na dawa za malaria zimegoma, mwambie daktari akupime hesabu kamili ya chembe za damu. Hapo ndipo mwanzo wa kuujua ukweli. Zikionekana nyeupe zimefurika, atakuelekeza kwenye hospitali kubwa ikatafutwe BCR-ABL. Hata ile mashine ya GeneXpert tuliyoizoea kwa TB inaweza kuipima, ikiwekewa kikasha chake.

Na ndugu wa mgonjwa, ile hela mliyotaka kumpa mganga, iwekeni iwe nauli. Ya kwenda, na ya kurudia vidonge.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi, panapo majaliwa. Msininunie!